Doa kwenye bunduki: kasoro inayoonekana na ile isiyoonekana

Wadau, leo naomba mnivumilie niongelee jambo ambalo kwa haraka haraka linaweza kuonekana la kipuuzi: rangi ya bunduki. Sizungumzii nani kampiga nani wala vita vya wapi. Nazungumzia ile rangi nyeusi, ya kijivu au ya bluu iliyokolea inayofunika chuma, na ugomvi unaozuka pale rangi hiyo inapotoka na doa.

Huko Marekani ugomvi huu ni wa kila siku. Mtu anafungua bunduki yake, anapeleka mtutu, mwili na vipande vingine kwa fundi wa kupaka rangi maalumu, analipa fedha nzuri, anasubiri wiki kadhaa. Kazi inarudi. Anaiweka chini ya taa, anaigeuza geuza, na kumbe pale karibu na kifyatuo kuna chembe ya vumbi imegandia ndani ya rangi, au kipande kimoja kimetoka na kijivu tofauti na mwenzake. Mteja anasema kazi mbovu, irudiwe. Fundi anasema hilo ni la macho tu, bunduki itapiga vilevile. Wanabishana mpaka urafiki unaisha.

Nilipoanza kusoma historia ya ubishi huu nilidhani nitakutana na habari za wapenda anasa. Nikakuta ni habari ya zaidi ya miaka 200, ambayo ndani yake yamo majeshi, viwanda vikubwa na wanajeshi vijana waliokufa. Hoja yangu ni hii: muda wote huo watu wamekuwa wakiikagua bunduki kwa jicho, na jicho limewadanganya mara nyingi. Limekataa chuma kizima kwa sababu ya rangi, na limepitisha chuma kibovu kwa sababu nje palikuwa safi. Mwaka 1964, nchini Marekani, mambo hayo mawili yalikuwa yakitokea kwa wakati mmoja. Lakini tuanze mbali kidogo.

Kabla ya rangi kulikuwa na kung'aa. Majeshi ya Ulaya ya karne ya 18 yalipenda bunduki nyeupe, yaani chuma kitupu kilichosuguliwa mpaka kikawa kama kioo. Kwenye gwaride ilipendeza. Ofisa akipita mstarini anataka kuona jua likimeta juu ya mitutu, na askari mwenye alama ya kutu anaadhibiwa. Basi askari wakawa wanasugua. Walitumia unga wa matofali, majivu na kila kitu kinachokwangua. Na unajua chuma ukikisugua kila siku kwa miaka kinakuwaje: kinaisha. Mitutu ilikuwa inakonda kwa kusafishwa, si kwa kupiga risasi. Yaani bunduki iliharibiwa ili isionekane imeharibika. Marekani waliendelea na mtindo huo mpaka vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, kwani ile bunduki yao ya mwaka 1861 ilitoka kiwandani ikiwa nyeupe hivyo hivyo.

Dawa ya kutu ilikuwa inajulikana, nayo, cha kushangaza, ni kutu yenyewe. Fundi anapaka mtutu dawa yenye asidi, anauacha mahali penye unyevunyevu upate kutu laini, anaisugua kwa brashi, anapaka tena, anarudia mpaka tabaka la kahawia limejishika vizuri. Akiuchemsha kwenye maji kila mzunguko, kutu nyekundu inageuka kuwa nyeusi, na ile nyeusi haili chuma, inakilinda. Ndiyo asili ya bunduki za kahawia na baadaye za bluu-nyeusi. Tabaka lenyewe ni jembamba mno, na ulinzi wake unategemea mafuta yanayopakwa juu yake.

Jeshi la Uingereza lilipounda kikosi chake cha wadunguzi mwaka 1800 liliwapa bunduki aina ya Baker yenye mtutu wa kahawia, na sare za kijani kibichi badala ya nyekundu. Hao walitakiwa kujificha, kwa hiyo kwao kung'aa kulikuwa kasoro. Kwa wenzao wa kikosi cha kawaida, jeshi lile lile, kutong'aa ndiko kulikokuwa kasoro. Hapo utaona kwamba neno "doa" halina maana yoyote mpaka useme bunduki ni ya kazi gani.

Upande wetu wa pwani mambo yalikuwa na sura yake. Karne ya 19 Zanzibar ilikuwa lango kubwa la bunduki kuingia Afrika ya kati. Mwaka 1888 ubalozi mdogo wa Uingereza huko Unguja ulikadiria kwamba kati ya bunduki 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia bara kila mwaka kupitia pwani ya mashariki, nyingi zikiwa kuukuu zilizotupwa na majeshi ya Ulaya. Kwa mnunuzi wa bara, rangi ilikuwa jambo la mwisho. Lakini kwa bwana mkubwa wa Kiomani bunduki ilikuwa pia pambo: mtutu mrefu uliofungwa pete za fedha, kazi ya sonara. Mpaka leo kule Oman utaona bunduki za zamani aina ya Martini-Henry zimevishwa fedha na zinachezwa kwenye ngoma za sherehe. Hakuna anayelalamika kwamba zinang'aa.

Kilichobadilisha hesabu kwa majeshi ni baruti. Baruti nyeusi ya zamani ilitoa wingu la moshi, kwa hiyo hata ukificha mtutu wako, ukipiga tu umeshajulikana uko wapi. Mwaka 1886 Wafaransa wakatoa bunduki ya Lebel yenye baruti isiyo na moshi, na mataifa mengine yakakimbilia huko. Moshi ulipoondoka, msaliti aliyebaki ni mmeto. Waingereza walilipia somo hilo kwenye vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902, wakipigwa na watu wasioonekana waliokuwa na Mauser. Maofisa wakaanza kufifisha vifungo vyao vya shaba na kuacha panga. Sisi tunayo kumbukumbu ya upande wa pili wa jambo hilo: vita vya Tanga vya Novemba 1914, ambapo askari wengi wa Schutztruppe bado walikuwa na Mauser ya mfumo wa 1871 yenye baruti nyeusi, na kila wakipiga moshi unawataja. Walishinda vita ile hata hivyo, na moja ya zawadi walizookota ufukweni ni mamia ya bunduki za kisasa za Waingereza.

Sasa anaingia mtu ambaye jina lake halijulikani sana, Thomas Watts Coslett wa Birmingham. Mwaka 1906 alipata hataza ya kuchemsha chuma ndani ya asidi ya fosforasi iliyochanganywa na chembe za chuma. Kinachotoka ni ganda la kijivu, lenye vishimo vidogo vidogo visivyoonekana, ambalo linafyonza mafuta na kuyashikilia. Haki za Marekani zilinunuliwa na Clark Parker, ambaye pamoja na mwanawe walianzisha kampuni huko Detroit mwaka 1915, na ndiyo maana kazi hiyo mpaka leo inaitwa Parkerizing. Mwaka 1918, vita kuu ikiwa imepamba moto, kiwanda cha silaha cha serikali kilichoko Springfield, Massachusetts, kilianza kuitumia kwenye bunduki za jeshi.

Kwa mtu wa zamani ile rangi ilikuwa aibu. Imefifia, haina kina, ukiishika inakwaruza kidogo kama msasa mkuukuu. Lakini angalia ilichokifanya kwa kiwanda. Bluu nzuri inadai chuma kisuguliwe kwanza mpaka king'ae, maana bluu haifichi kitu. Mkwaruzo wowote uliobaki utauona mara mbili baada ya kuchovya. Kusugua huko kulikuwa kazi ya mafundi waliozoea mikono yao kwa miaka, na vita haina miaka ya kusubiri. Parkerizing inataka kinyume chake: chuma kipulizwe mchanga kwa hewa ya nguvu, kiwe na uso mkavu usiong'aa, kisha kitumbukizwe kwenye dawa ya moto. Mapovu yanatoka, yakikoma kazi imekwisha. Kijana aliyefundishwa wiki mbili anaweza kuifanya.

Na hapo ndipo madoa yalipohalalishwa. Chukua bunduki ya M1 Garand, iliyopitishwa na jeshi la Marekani mwaka 1936 na kutengenezwa zaidi ya milioni 5 kwa jumla. Ukiiangalia kwa jicho la mteja wa leo, imejaa kasoro. Silinda ya gesi iliyo chini ya mtutu ni ya chuma kisichoshika kutu, na chuma hicho hakikubali Parkerizing, kwa hiyo ilipakwa weusi wa aina nyingine ambao ulibabuka mapema na kuacha chuma cheupe. Kwenye bunduki nyingi mwili una rangi mbili, mbele kijivu na nyuma kumefifia, kwa sababu ncha ya nyuma ilitumbukizwa kwenye risasi iliyoyeyushwa wakati wa kuipa chuma ugumu unaotakiwa, na sehemu hiyo ikapokea dawa tofauti. (Kiswahili chetu hapa kinachekesha: risasi ya kutengenezea bunduki na risasi ya kutoka kwenye bunduki ni neno moja.) Bunduki nyingine, baada ya kukaa miaka ghalani ndani ya grisi ya kuhifadhia, zikatoka na ukijani. Mkaguzi wa jeshi aliyaona yote hayo na akagonga muhuri. Alichokuwa anapima ni vipimo vya chemba, nguvu ya spring'i na kama inapiga.

Waingereza nao walifika pale pale kwa njia yao. Bunduki za Lee-Enfield namba 4, ambazo wazee wetu waliopita KAR wanazikumbuka, nyingi zilipakwa juu ya fosfeti rangi nyeusi ya kuchomwa kwenye tanuri. Ikichubuka inachubuka, unapaka nyingine. Wajerumani kufikia 1944 walikuwa wanatoa Mauser zenye alama za mashine waziwazi juu ya chuma, na Wajapani mwaka 1945 walitoa bunduki ambazo baadhi ya vipande havikupakwa chochote. Bunduki hizo ni mbaya kuzitazama. Ila nchi inayoishiwa mafundi na umeme haina muda wa kuangalia urembo, na ukitaka kujua vita inamwendeaje mtu, tazama rangi ya bunduki zake za mwaka wa mwisho.

Amani iliporudi, Wamarekani wakarudi kwenye bluu. Bunduki ya kuwindia si ya gwaride wala ya vitani, ni kitu ambacho baba anamwachia mwanawe, na ile bluu yenye kina ndiyo ilikuwa ushahidi kwamba kuna mtu alikaa akaisugua. Lakini hata bluu hiyo ilikuwa na ugomvi wake na chuma. Njia mpya ya kuchovya kwenye chumvi za moto, iliyoenea kuanzia miaka ya 1930, haikubaliani na kila chuma. Chuma chenye silikoni nyingi kinaweza kutoka zambarau badala ya nyeusi, au kikatoka cheusi kizuri kisha baada ya miaka kikageuka zambarau kabatini. Bunduki kadhaa za kampuni ya Ruger, ambayo ilipata umaarufu kwa kumimina vyuma vyake kwenye kalibu badala ya kuvichonga, zinajulikana kwa rangi hiyo. Kwa upande wa Winchester, chuma chake chenye nikeli cha miongo ya mwanzo ya karne ya 20 kilikuwa na tabia ya kuachia bluu kwa mabaka, kama ukuta uliopakwa chokaa juu ya vumbi.

Nimeitaja Winchester, na hapo ndipo nilipotaka kufika. Model 94, ile ya kukokota kwa mkono unayoiona kwenye filamu za wachunga ng'ombe, ilibuniwa na John Browning na kuanza kuuzwa mwaka 1894. Kufikia miaka ya 1960 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 2.5. Tatizo ni kwamba zilikuwa zinatengenezwa kwa njia ya bibi na babu, kwa kuchonga na kusugua, na mishahara ya mafundi ilikuwa imepanda. Wenye kampuni, Olin, wakaamua kupunguza gharama. Mwaka 1964 kiwanda cha New Haven kikatoa bunduki zilizobadilishwa. Kipande cha kuinulia risasi kilichokuwa kinachongwa kikawa cha bati lililopigwa kwenye kalibu. Pini imara zikawa za mrija. Na mwili wa Model 94 ukatengenezwa kwa chuma kingine ambacho bluu ya kawaida hakikuikubali.

Kiwanda kilihangaika. Walijaribu dawa nyingine ya kutia weusi, baadaye wakawa wanapaka kwanza tabaka jembamba la chuma safi juu ya chuma kile, halafu ndiyo wanatia bluu kwenye lile tabaka. Ilipotoka dukani ilionekana nyeusi, lakini haikuwa nyeusi ile. Ikitumika inachakaa kwa namna ya ajabu. Na mmiliki akiamua kuipeleka kwa fundi irudiwe, fundi asiyejua anaisugua, anaondoa lile tabaka, anachovya kwenye chumvi zake, na mwili unatoka na wekundu wekundu au zambarau huku mtutu ukiwa mweusi. Mafundi wengi walijifunza kuuliza namba ya bunduki kabla ya kupokea kazi.

Wateja walikasirika kwa kiwango ambacho kampuni haikutegemea. Waliingia madukani kutafuta bunduki zilizotumika za kabla ya 1964 na kuzilipia zaidi ya mpya. Mpaka leo soko la Marekani linagawa Winchester kwa mwaka huo mmoja, kabla na baada. Kampuni ilirekebisha mengi kidogo kidogo, lakini sifa haikurudi yote. Mwaka 1981 kiwanda kiliuzwa kwa kampuni mpya ya U.S. Repeating Arms, na mwaka 2006 milango ya New Haven ikafungwa.

Maoni yangu ni kwamba wateja wale hawakuwa wapuuzi. Bunduki za baada ya 1964 nyingi zilipiga vizuri tu, na ukitaka ubishi wa kiufundi, mashine ya Model 70 iliyobadilishwa mwaka huo ilikuwa imara. Lakini mteja hawezi kupasua chuma akaone ndani. Anaona rangi. Rangi ikimwambia kwamba kiwanda kimeacha kujali pale anapopaona, anajiuliza kimefanya nini pale asipopaona. Swali ni la haki. Bahati mbaya wakati huo huo kulikuwa na watu wengine waliopaswa kuliuliza na hawakuuliza.

Novemba 1963 jeshi la Marekani liliagiza kutoka Colt bunduki zaidi ya 100,000 za mtindo mpya, nyepesi, ya aluminiamu na plastiki, iliyobuniwa na Eugene Stoner. Ndiyo iliyokuja kuitwa M16. Aluminiamu haipati kutu ya kahawia wala haitiwi bluu. Inatumbukizwa kwenye asidi, umeme unapitishwa, na uso wake wenyewe unageuka kuwa ganda gumu ambalo kisha linatiwa rangi. Kwa macho ilikuwa kitu cha ajabu, nyeusi ya kijivu, haina mti hata mmoja. Ilikuwa na madoa yake madogo: nusu ya juu na nusu ya chini mara nyingi hazilingani rangi, maana zimepita kwenye madumu tofauti siku tofauti. Hakuna aliyekufa kwa hilo.

Kasoro ilikuwa ndani ya mtutu, kwenye chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Chemba hiyo haikupakwa kromiamu. Na jambo hili halikuwa geni. Wakati wa vita ya Pasifiki ya 1941 hadi 1945 Wamarekani walikuwa wameona joto na unyevu vinavyokula mitutu, ndiyo maana bunduki iliyotangulia, M14, mtutu wake ulipakwa kromiamu ndani. Warusi walikuwa wanaipaka ndani ya AK, ile ambayo sisi magazetini tumezoea kuiandika SMG. Wenye kuamua juu ya M16 wakaona hapana haja. Juu ya hilo, aina ya baruti ilibadilishwa mwaka 1964 bila bunduki kubadilishwa, baruti mpya ikaacha uchafu zaidi na kuifanya mashine ikimbie kasi kuliko ilivyopangwa. Na askari wengi walipelekwa Vietnam bila vifaa vya kutosha vya kusafishia, huku sifa ikizagaa kwamba bunduki hii haihitaji kusafishwa sana.

Matokeo yake ni haya. Chemba inapata kutu ya vishimo vidogo. Ganda la risasi likipanuka kwa moto linajibana kwenye vile vishimo. Ndoano ya kulivuta inalivuta, inang'oa ukingo wake, ganda linabaki mle mle. Ili kulitoa unahitaji ufito wa chuma uingizwe kwa mdomo wa mtutu na kulisukuma kurudi nyuma. Fikiria: bunduki ya kisasa kuliko zote za wakati ule, na kijana wa miaka 19 amelala kwenye tope anashindilia ufito kama mzee wa kijijini na gobore lake, adui akiwa hatua chache mbele yake. Wengine walikutwa wamekufa huku bunduki zao zimefunguliwa nusu.

Mwaka 1967 barua za wanajeshi kwenda kwa ndugu zao zikachapishwa kwenye magazeti na nyingine kusomwa bungeni. Hapo mimi kama mwandishi wa habari natulia kidogo. Barua zile hazikuandikwa na wataalamu, ziliandikwa na vijana waliokuwa wanalaumiwa kwamba hawasafishi bunduki zao. Kamati ndogo ya Bunge chini ya Richard Ichord, mbunge wa Missouri, ikachunguza, na ripoti yake ya Oktoba mwaka huo iliwalaumu vikali waliobadilisha baruti. Kabla hata ripoti haijatoka, mwezi Mei 1967, ilishaamuliwa kwamba chemba zipakwe kromiamu, na baadaye mtutu wote ndani. Tabaka lenyewe ni jembamba kuliko unywele. Ukiishika bunduki mkononi hulioni.

Kwa hiyo katika miaka ile ile ambayo mwindaji wa Pennsylvania anaitupa Winchester yake kwa sababu imegeuka zambarau, mtoto wake alipewa bunduki iliyopita ukaguzi wote wa macho.

Turudi kwa yule mteja na fundi wake wa leo. Rangi inayotumika sana siku hizi ni ile yenye chembe za kauri, na jina linalotamkwa zaidi ni Cerakote, la kampuni ya NIC Industries ya jimbo la Oregon. Ukiwa umewahi kukaa gereji ukamtazama fundi wa rangi ya magari, utaielewa kazi hii bila shida. Kipande kinapulizwa chembe za oksidi ya aluminiamu mpaka kikwaruze, kinaoshwa kwa asetoni, kinapulizwa rangi, kinaokwa kwenye tanuri kama saa 2 kwa nyuzi joto 120 hivi. Rangi inayobaki juu ni ya unene wa mikroni 25, zaidi kidogo au pungufu kidogo.

Adui mkubwa ni mafuta. Bunduki imeishi kwenye mafuta maisha yake yote, yamejificha kwenye matundu ya pini na kwenye mikunjo. Ukiosha uso tu, ukiweka tanurini, mafuta yanachuruzika kutoka shimoni na kusukuma rangi, linabaki duara lisilo na kitu. Ndiyo maana fundi mzuri anakiweka kipande kwenye tanuri kikiwa kitupu kwanza, kijasho kitoke, aoshe tena. Vumbi ni adui wa pili. Wa tatu ni pembe kali, ambapo rangi hukimbia na kubaki nyembamba.

Sasa doa limetokea. Hapa fundi wa rangi ya gari ana nafuu, anaweza kupiga msasa kidogo, kupuliza tena na kung'arisha. Rangi iliyookwa haizibwi kwa kiraka bila kiraka kuonekana. Kuondoa doa moja maana yake ni kuvua rangi yote ya kipande, kupuliza upya na kuanza mwanzo. Na kila unapopuliza unakula chuma kidogo. Mara moja si neno. Mara tatu, pembe zilizokuwa kali zinaanza kuwa duara na maandishi yanapoteza makali, ikiwemo namba ya bunduki ambayo kisheria lazima isomeke. Wakusanyaji wa bunduki za zamani wanaijua hadithi hii kwa upande wa bluu: wanatazama matundu ya skrubu, wakiona yamezama kama sahani wanajua mtu alisugua sana ili kuondoa mikwaruzo, na bei inaporomoka. Mkwaruzo wa asili ungemgharimu mwenye bunduki kidogo kuliko kuuondoa.

Mimi ningekuwa huyo mteja, swali la kwanza nisingeuliza doa ni kubwa kiasi gani, ningeuliza liko wapi. Kwenye sehemu mbili zinazosuguana, rangi itaondoka yenyewe baada ya siku chache za kutumia, doa au hakuna doa. Kwenye kitako cha mwili, chini, kila siku kutakuwa na mkono. Lakini rangi nene kupita kiasi ndani ya tundu la pini au kwenye njia ya kifyatuo, hiyo haionekani kwenye picha hata kidogo, inaonekana laini na nzuri, na ndiyo inayoweza kufanya kifyatuo kisirudi mahali pake. Fundi makini anaziba matundu hayo kwa vizibo vya mpira kabla ya kupuliza. Ukaguzi wa kweli unafanyika kwa kuirudishia bunduki ikiwa tupu na kuichezesha mara nyingi, ukisikiliza. Taa inakuja baadaye.

Na kwa wale wanaodhani binadamu ana msimamo kuhusu kasoro, nina mambo mawili ya kuwapa. La kwanza, ule ukijani wa Garand zilizokaa kwenye grisi sasa unatafutwa. Kuna mafundi wanaochanganya dawa kwa makusudi ili Parkerizing mpya itoke ya kijani kama ya ghalani. La pili, wateja wa Cerakote wanaweza kuagiza bunduki mpya ipakwe ionekane imepigana vita ambayo haijawahi kuiona. Fundi anapaka tabaka mbili za rangi tofauti, kisha anachukua msasa na kukwangua pembe kwa mkono, mkwaruzo mmoja mmoja, na kwa kuwa kazi ni kubwa zaidi, bei yake huwa juu kuliko ya bunduki isiyo na mkwaruzo.